Ukuta Mweusi wa Bwana Abdulwahid

Kaeni wanangu, kaeni mnione na niwaone, na wewe Harith uliyesimama pale toa viatu uingie, mlango huo nimeuweka mimi kwa mikono yangu na hauhitaji mtu wa kuushikilia. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia ulimi mpaka yeo, maana miguu aliichukua mwezi wa Rajabu, mikono ameichukua juzijuzi, na ulimi, kwa jinsi ninavyomjua mama yenu Bi Shifa, yeye angependa uwe wa kwanza kuondoka. Mwacheni acheke. Miaka arubaini na mitano ameishi na maneno yangu, ni haki yake. Rumaisa, hiyo simu yako inashika sauti? Vyema. Nitasema Kiamu changu nikichanganya na Kiswahili cha shule, ili wajukuu walioko Mombasa wasije wakadai kwamba babu yao aliacha wosia usiofahamika.

Mimi Jeilani bin Taha, mwashi wa chokaa, mwenye miaka sabini na minane kwa kauli ya mama yangu na sabini na mitano kwa kauli ya kitambulisho, nayasema haya nikiwa na akili zangu zote, mbele ya mke wangu na wanangu watatu, baada ya sala ya alasiri, bila ya kulazimishwa na mtu. Nyumba hii na kile kishamba cha Manda kisichomea ila miiba vina wenyewe kwa sheria, na mimi sina ruhusa ya kumwongeza mrithi wala kumpunguza, basi mwendeeni kadhi, mkae mbele yake kwa adabu, mpokee atakachowaambia. Mama yenu asihamishwe chumba chake hata kwa siku moya. Mwiko wangu na timazi, mkiridhiana, achukue Harith, kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayejua upi upande wa kushika. Na ile chokaa iliyolala shimoni nyuma ya nyumba, iliyozimwa kwa mai ya kisima miaka sita iliyopita na sasa imekuwa laini kuliko siagi, hiyo msiiguse mpaka nimalize kusema.

Vimebaki vile vibao vyangu kumi na kimoya vya chokaa na kutu. Kimoya nimemuusia Mugambi, yule mchomeleaji vyuma wa Mokowe, ambaye si mrithi wangu wala si wa dini yangu, na kadhi atawaambia kwamba hilo halina neno. Achague mwenyewe. Atachagua kile kikubwa chenye mistari, ambacho anashikilia kuwa ni ramani ya kwao Meru, na mimi nimeshachoka kubishana naye. Vilivyobaki vitakwenda na mirathi, ila sikuwaitia vibao. Nimewaita kwa sababu nimetoa ahadi ya kazi moya, nimeitoa kwa mdomo wangu na mkono wangu hauiwezi tena, na watu wa kunitimizia ni wawili tu duniani, na wawili hao hawasemezani. Mnajijua. Huwaida, usitazame dari. Dari hiyo sikuipaka vizuri.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Mimi nimezaliwa ndani ya moshi. Babu yangu na baba yangu walikuwa na tanuu la kuchomea chokaa nyuma ya mji, tukipanga magogo ya mikoko duara, safu juu ya safu, na juu yake tukirundika matumbawe yaliyotolewa baharini, kisha tunatia moto ukawaka siku mbili, na mji mzima unakohoa na kututukana. Asije mtu akawaambia kwamba viwanda vimekuja hapa na bandari mpya. Kiwanda kilikuwa chetu. Hizi nyumba nyeupe ambazo wageni wanasimama kuzipiga picha mpaka punda wanashindwa kupita, kila moya ni bahari iliyochomwa kwa msitu, na mimi nimechoma nyingi kuliko yeyote aliye hai. Nayasema haya mapema, kabla sijafika kwenye makosa ya watu wengine.

Sasa kosa langu. Mwaka ule serikali ilipopiga marufuku kukata mikoko, boriti zikaadimika mjini, na Bwana Abdulwahid wa hapa mtaani, mwenye duka la nguo, alikuwa anaoza binti. Akanitaka nimtengenezee chumba cha ndani, ukuta ule wa zidaka, vile vijishubaka vya kupangia sahani na vikombe, maana bibi harusi angekalishwa mbele yake siku ya kutolewa watu wamtazame. Ukuta ulikuwa umebomoka nusu. Boriti sina. Nikavuka mpaka Mokowe, Mugambi akanipa vyuma vya mabaki vilivyotoka kwenye ujenzi wa bandari, mabomba na minyororo na vipande vya bati nene, nikavitia ndani ya ukuta mahali pa boriti nikajiona fundi wa kisasa. Kisima cha Abdulwahid kilikuwa kimekauka, siku za harusi zinakaribia, na mimi, ambaye baba yangu alinifukuza kazini siku tatu nzima ujanani kwa kosa hilo hilo, nikachanganya chokaa kwa mai ya bahari. Nilitazama kushoto na kulia, sikuona mtu, nikamimina.

Ukuta ulitoka mweupe mpaka nikauonea haya kuugusa. Baada ya mwezi na nusu ulianza kutokwa na damu. Kila chuma nilichokizika kilijitokeza kwa kutu yake, mnyororo ukaonekana pete kwa pete, bomba likachora mstari mwekundu kutoka kidaka hiki mpaka kidaka kile, na harusi imebaki wiki moya. Hapo ndipo nilipotia ujanja wangu juu ya ujinga wangu. Nilikumbuka kwamba wavuvi walikuwa wakichemsha maganda ya mkandaa, ndugu wa mkoko, wakatia rangi matanga na nyavu, na rangi ile ya kahawia inaficha uchafu wote, basi nikasema moyoni, nitaupiga ukuta mzima mai ya mkandaa, utakuwa rangi moya ya asali, nitasema ndiyo mtindo wa mjini siku hizi. Nikachemsha madebe mawili. Alasiri niliupiga, ukawa wa asali kweli, nikakaa chini nikanywa kahawa. Kahawa haijaisha, palipokuwa na kutu pakaanza kugeuka. Pakawa zambarau, kisha buluu ya usiku, kisha peusi, peusi pasipo mfano, mnyororo mweusi, bomba jeusi, na matone meusi yaliyotiririka mpaka sakafuni.

Abdulwahid aliingia akasimama katikati ya chumba na fimbo yake. Hakunipigia kelele. Aliufuata mnyororo mweusi kwa ncha ya fimbo, kisha akasema, "Fundi, nimekupa chumba cha harusi, umenirudishia jiko."

Basi wakaufunika ukuta kwa vitambaa, na vitambaa kwake havikuwa taabu, na harusi ikafana. Lakini nilichosikia kwa mama yenu ni kwamba wanawake wote walioingia walikuwa wakimtazama bibi harusi kwa jicho moya na kwa lile la pili wakifunua kitambaa kuchungulia nyuma. Abdulwahid akahama msikiti ili tusikutane kwenye safu. Na ndia zetu mnazijua zilivyo finyu, watu wawili wakikutana mmoya lazima ajibane ukutani ampishe mwenzake, na hapo ndipo watu wanapoamkiana; sisi tulikuwa tunajibana sote wawili, yeye ukuta wake na mimi ukuta wangu, katikati pamebaki wazi punda anapita na mzigo wake, na salamu hakuna. Miaka minane tumefanya hivyo. Wazee wazima.

Aliyenifungua mato nikaona nilichofanya ni Mugambi. Nilimwita baada ya harusi aje kukata vyuma nivitoe, akaja na mashine yake begani, akaitua, akakaa juu ya ndoo. Nikamwambia aanze kazi. Akaniambia, "Mzee Jeilani, hii usiiguse. Mimi naweza kaa hapa nikiiangalia mpaka jioni." Nikamuuliza anaona nini. Akasema haoni kitu, na ndiyo sababu anaitazama. Niliona ni maneno ya mtu aliyevuta moshi wa vyuma miaka mingi. Nilirudi nyumbani nikalala, na usingizini ule ukuta ukanifuata, na asubuhi nikatengeneza fremu ya mbao, nikaitandika chokaa, nikabana ndani yake mnyororo uliolowekwa baharini, nikauinua, nikapiga mai ya mkandaa. Kile ndicho kibao cha kwanza, ambacho mama yenu alifunikia pipa la unga mpaka yule bibi wa jumba la sanaa kutoka Nairobi alipokuja akauliza kwa nini tumefunika pipa kwa kitu kama kile.

Watu wameniuliza mno, vibao hivi ni picha za nini. Si picha ya kitu. Hamna mtu ndani yake, hamna mnyama, hamna jahazi wala mnazi, na kwa hilo hata masheikh wameniacha kwa amani. Bi Shifa anaona samaki taa. Mugambi anaona Meru. Yule bibi wa Nairobi alisema hii ni sanaa ya dhahania, yenye kuonyesha mazingira na viwanda vikigombana, nami nikamuuliza dhahania ni maradhi gani na yana dawa. Alicheka, mtu mwema. Lakini neno lake la kugombana lilinikaa rohoni, kwa sababu sikuwa nimeliona hivyo. Nilichokiona mimi, nikiwa na brashi mkononi, ni hiki: kutu peke yake ni nyekundu, inapiga kelele, na mvua mbili tatu zinaiosha. Mkandaa peke yake ni kahawia, mzuri, mpole, na jua linaufifisha mpaka unasahau kama ulikuwapo. Vikikutana ndani ya chokaa mbichi hutoka kile cheusi, ambacho si cha huyu wala si cha yule, na hakitoki kwa sabuni wala kwa jua wala kwa rangi ya kopo. Kemia yake siijui. Rumaisa amenisomea kwenye simu, nikasinzia. Najua tu kwamba sikuwahi kukipata kwa kimoya peke yake, na nimejaribu sana, kwa uvivu.

Nipe mai kidogo, Rumaisa. Ya kunywa. Ahsante.

Sasa nifike kwenu nyinyi wawili, na hapa mtanisamehe nikisema wazi, mgonjwa hana muda wa kuzunguka. Huwaida na wanawake wenzake walipanda miche ya mikandaa kule kwenye hori la bahari upande wa bara, miche elfu nne, nami nilikwenda kuwaona wakiwa ndani ya tope mpaka mapajani wakiimba, nikarudi nyumbani nikajisifu mtaani kana kwamba nimepanda mimi. Halafu kampuni moya ya ujenzi ikataka kupanua ndia ya malori. Na aliyekuwa juu ya ile mashine ya kuchimba, asubuhi ile, ni Harith. Nimeusikia upande wa kila mmoya mara nyingi kuliko nilivyosikia redio. Huwaida anasema alisimama mbele ya mashine akamwita kakake kwa jina. Harith anasema aliizima, na ni kweli aliizima, aliteremka akabishana na msimamizi saa nzima, akaambiwa akipanda atapanda na asipopanda kuna wengine kumi wanaojua kupanda, na nyumbani ana watoto wanne. Akapanda. Miche ikaenda. Siku ile Huwaida alirudi na tope limekauka miguuni, akaketi pale penye kizingiti, hakulia, na mimi baba yake nikaenda kuchungulia shimo langu la chokaa.

Tangu hapo ni miaka mitatu. Mnakuja hapa siku ya Idi, mnakaa chumba kimoya, na mmoya anamwambia Rumaisa, "Mwambie nduguyo anipitishie chumvi," na chumvi iko mbele ya pua yake, na Rumaisa anamwambia, na yule anaipitisha kwa kumpa Rumaisa. Mara moya Rumaisa hakuwapo, Harith akamwambia paka. Nilicheka siku ile mpaka kifua kikauma, lakini usiku wake sikulala. Harith, mwanangu, wewe umechukua kazi uliyoipata, na mkono unaoendesha mashine ile ni mkono niliokufundisha kushika mwiko. Sikulaumu kwa kula, nakulaumu kwa kuwa hujawahi kumwambia dadako kwamba uliumia. Uliniambia mimi. Si mimi niliyepanda miche. Na wewe Huwaida, miche yako nimeisikitikia kuliko unavyojua, lakini umemfanya kakako kuwa bandari nzima, na malori yote, na moshi wote, naye ni Harith tu, yule aliyekubeba mabegani kukuvusha tope ulipoogopa kaa. Kama ni kuhesabu aliyekata mikoko, nianze mimi. Nimechoma msitu kwa miaka hamsini, nawe ulikuwa unanipikia chai.

Haya. Alhamisi iliyopita, mkiwa nyote hampo, mlango ulibishwa, mama yenu akafungua, na ni Abdulwahid na fimbo yake. Amesikia naumwa. Alikaa pale ulipokaa, Rumaisa. Tulitazamana kama watu waliokamatwa pamoya. Nikamwambia nilichopaswa kumwambia, kwamba nilitia chuma mahali pa boriti, na nilitia mai ya bahari, na nilijua, na nilitazama kushoto na kulia kabla sijamimina. Nikamwomba radhi kwa kosa na radhi kwa kulificha. Akacheka mpaka akakohoa, mama yenu ikabidi amletee kikombe. Kumbe miaka minane amekuwa akiupaka ukuta ule rangi ya kopo kila mwezi wa Shaabani, na kila ukifika mfungo mosi kile cheusi kimeshatoka tena, na kila anapokiona anamkumbuka Jeilani na kumtukana, na mwisho, anasema, alikuwa anakingojea. Akaniambia mjukuu wake Ruba anaolewa baada ya Maulidi. Ruba ameona vibao vyangu kwenye simu za watu, akajua kwamba mama yake mdogo ndiye aliyeolewa mbele ya ukuta ule, mama wa vibao vyote, na sasa hataki ukuta upakwe rangi. Anataka umaliziwe. Chumba kizima, kuta zote nne, apambwe akae humo na vitambaa vitandikwe chini tu, si ukutani.

Abdulwahid aliniuliza kama naweza. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimelala chali, siwezi kushika kijiko, nikasema ndiyo, na tukapeana mikono, yangu aliishika yeye. Hii ndiyo ahadi yangu, wanangu, na sitaki kwenda nayo kaburini, kwa sababu mtu yule amenisamehe kabla sijamlipa, na hicho ni kitu kizito kuliko kutosamehewa.

Kibao nilikuwa nikikifanya peke yangu. Kuta nne haziwezekani kwa mtu mmoya. Chokaa ya ukutani haingoji; ule ukuta wa kwanza ulipokea rangi baadaye kwa kuwa mai ya bahari hayakuuacha ukauke. Chuma kinabanwa ikiwa mbichi, kinainuliwa, na mai ya mkandaa yanapigwa papo hapo kabla haijakaza, kwa hiyo mwenye chuma anakwenda mbele na mwenye brashi yuko begani kwake, wakipishana kwa sekunde, tangu juu mpaka chini bila ya kusimama. Harith anajua chokaa, na anajua vyuma, chuma kipi kina kutu ya kweli na kipi kimepakwa. Huwaida anajua mkandaa, ganda la mti upi ulioanguka wenyewe bado lina rangi, lichemshwe kiasi gani, liwe zito kiasi gani. Mimi mwenyewe miaka hii ya mwisho nilikuwa nikienda kwake kuuliza. Rumaisa anajua kila kitu kilichomo ndani ya simu, ila hatofautishi chokaa na unga. Ningekuwa na mtu wa tatu ningewapunguzia aibu. Simuoni. Na msije mkanipelekea mmoya afanye kwa chuma tu, mwengine aje baada ya wiki na mkandaa wake, ili msikutane. Mtapata nyekundu, mtapata kahawia, na Abdulwahid atakuja kunisimamia kaburini na fimbo.

Sitaki mniambie ndiyo. Neno ndiyo nimelisikia sana katika nyumba hii. Bi Shifa, walete vile vitu.

Wekeni hapa chini, niweze kuona. Ni fremu tupu, na chokaa kutoka shimoni, mama yenu ameichota asubuhi, msimuulize nani aliyemsaidia, ni mwanamke mwenye siri zake. Mnyororo ule uko ndani ya beseni. Na ndani ya ile sufuria, Huwaida, ni maganda yako mwenyewe, yale uliyoniletea mwezi uliopita. Harith, tandika. Sikukuita uje utazame. Tandika, kidole kimoya unene. Usiogope nguo, nguo zinafuliwa.

Naam. Mkono wake ni wa babu yake, mnaona anavyouzungusha mwisho.

Wakati mnafanya, nimalizie yangu. Nikifa mnizike haraka, kabla jua halijapanda, karibu na baba yangu. Msinisakafie kaburi. Nimewapaka chokaa watu wa mji huu wote, mimi niacheni na mchanga. Khitma iwe fupi, wali uwe mwingi. Mugambi akija, akalishwe mbele, asiachwe mlangoni na wageni, na akitaka kulia mumwache, ni mtu mkubwa na hulia kwa sauti. Mumwambie... nitapata pumzi. Mumwambie kile kibao ni Meru. Nimekubali.

Niinueni mto. Hivyo.

Mama yenu, Shifa. Wewe sina la kukuusia. Ulifunika pipa la unga kwa kazi yangu bora na ulikuwa na haki, unga ulikaa mkavu. Nimekupenda, na hili nalisema mbele ya watoto ili wasije wakasema walidhani.

Harith, bana sasa. Huo mnyororo. Uweke kama unavyotaka kulala wenyewe, usiulazimishe. Huwaida, chukua brashi. Shika, mwanangu. Sogea. Huwezi kupiga kutoka huko ulipo, karibia, begani kwake. Inua, Harith. Sasa wewe.

Kifua changu kinakaza kidogo, si kitu. Endeleeni.

Nini? Huwaida, umesema nini? Sikusikia, masikio nayo yameanza kufunga safari. Shifa, amesema nini? Amesema, "Punguza mkono, unaivunja chokaa." Amemwambia nani? Amemwambia kakake. Hakumwambia Rumaisa. Na huyu naye amejibu, nimemsikia mwenyewe, "Na wewe punguza mai, unanimwagia." Tena wamekunja nyuso.

Alhamdulillahi. Miaka mitatu nimengoja neno moya, nikidhani litakuwa neno kubwa.

Mwenyezi Mungu awape radhi yangu yote, niliyonayo na iliyobaki kwa baba yangu. Awape mikono isiyoshindwa na kazi. Awape watoto wenye kuwabishia kama mlivyonibishia. Mkiingia kwa Abdulwahid, ingieni kwa mguu wa kulia, muamkieni nyinyi kwanza... na Ruba, mwambieni bwana harusi wake asiegemee ukuta siku tatu. Nimewasamehe. Nisameheni nanyi, kwa moshi, na kwa siku ile niliyokwenda kuchungulia shimo.

Usilie, Harith, utaharibu chokaa. Haya, lia, lakini mwambie kwa nini unalia. Mwambie yeye, usiniambie mimi.

Nafumba mato kidogo tu. Nyinyi semeni. Semeni kwa sauti, nawasikia.